Redio ya CB ya zamani inapokea ila haitumi: jinsi ya kutengeneza saketi ya draiva

Wakuu, leo tuongelee hizi redio koli za CB (Citizens Band, mawasiliano ya watu wa kawaida kwenye MHz 27) za zamani, zile za miaka ya 70 na 80 zenye transista za Kijapani za 2SC ndani. Tatizo lenyewe ni lile ambalo redio inapokea vizuri tu, watu unawasikia wote, ila ukiminya maiki taa ya TX (kutuma) inawaka na hakuna anayekusikia, au anakusikia yule wa jirani kabisa kwa mbali sana, na mita ya pawa inaonyesha robo wati au haisogei kabisa. Mafundi wengi wakiona hivyo wanakimbilia kubadili fainali, ile transista kubwa iliyofungwa skrubu kwenye chasisi, wanaweka mpya redio bado kimya, wanaweka nyingine bado kimya, na fainali ya watu ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Fainali inakuza kile inacholetewa na mwenye kuiletea ni draiva. Ili itoe zile wati 4 za AM (utumaji ambao sauti inapandisha na kushusha nguvu ya wimbi) inahitaji kulishwa kama robo mpaka nusu wati hivi ya RF (mawimbi ya redio yenyewe), ikipewa chini ya hapo inalala. Na draiva nayo mara nyingi inasingiziwa, unakuta transista yenyewe ni nzima ila haina umeme, au haipati signali kutoka nyuma. Kwa hiyo utaratibu ninaoufuata na ninaowasihi muufuate ni huu: voteji kwanza, signali pili, transista mwisho.

Signali inatembeaje

Usifungue redio bila kujua njia. Kwenye redio nyingi za AM za chaneli 40, VCO (oscileta, yaani kitengeneza mawimbi, inayobadilishwa frikwensi kwa voteji) inayoongozwa na PLL (saketi inayoishikilia kwenye frikwensi sahihi) inatoa frikwensi moja, oscileta ya kristali inatoa nyingine, zinachanganywa kwenye miksa na kinachotoka ndo frikwensi ya chaneli. Mfano chaneli ya 1 inapatikana kwa kujumlisha MHz 16.270 ya VCO na MHz 10.695 ya kristali, unapata 26.965. Hapo signali bado ni ndogo sana. Inapita kwenye makopo mawili matatu ya koili yanayochuja, inaingia kwa prindraiva ambayo ni transista ndogo ya plastiki, afu draiva (2SC2314, 2SC1957 au 2SC2166 kutegemea redio), afu fainali (2SC2078, 2SC1969, 2SC1307 na nyingine za aina hiyo), mwisho chujio la koili na kapasita na kutoka kwenye antena. Redio za kabla ya 1977 za chaneli 23 hazina PLL kwa sehemu kubwa, zina kristali nyingi, ila kuanzia prindraiva kwenda mbele ni hadithi ile ile.

Kitu kingine ambacho watu wanakiruka na kinawapotezea muda mwingi: kwenye AM, kolekta ya fainali (transista ina miguu mitatu: besi inapoingia signali, kolekta inapotoka, na emita) haipati volti 13.8 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Umeme wake unapitia kwenye waya wa transfoma ya sauti, ile ile inayoendesha spika, ili ukiongea voteji ipande na kushuka kufuata sauti yako. Na kwenye redio nyingi draiva inachukua umeme wake kwenye laini hiyo hiyo. Ndo maana ubovu wa draiva unaweza kujionyesha kama sauti mbaya wakati kariya (wimbi tupu lisilo na sauti) iko vizuri, tutafika huko.

Vifaa

Pawa saplai ya volti 13.8 yenye mita ya ampia, multimita ya dijitali, mita ya pawa ya CB, pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, na bisibisi ya plastiki ya kuzungushia koili. Bisibisi ya chuma usiiguse huko, inavuruga koili na inapasua ule msumari wa feraiti ndani ya kopo, ukishapasuka na kukwama utatamani usingeanza.

Unahitaji dami lodi (mzigo wa kufunga badala ya antena) ya omu 50, na hii sio ya hiari. Kama huna chukua rezista 20 za kaboni za kilo-omu 1, wati 1 kila moja, ziunge zote sambamba, unapata omu 50 zinazobeba wati 20. Zisiwe zile za waya uliozungushwa kwa sababu kwenye MHz 27 rezista ya namna hiyo inakuwa koili.

Cha mwisho ni probu ya RF. Unaitengeneza mwenyewe kwa vitu vitatu. Kapasita ya nanofaradi 1 inatoka kwenye ncha, mguu wake wa pili unakutana na kathodi ya dayodi ya jamaniamu (germanium) kama 1N34A ambayo upande wake mwingine unaenda ethi, na kutoka pale pale zinapokutana unatoa rezista ya mega-omu 4.7 kwenda kwenye multimita iliyowekwa DC. Kwa multimita ya kawaida yenye ukinzani wa mega-omu 10 ndani, namba unayoisoma inakaribia volti za RMS. Waya wa ethi uwe mfupi na uushike karibu na unapopima. Mtu mwenye osiloskopu ya kufika MHz 50 au zaidi aitumie, ila kusema ukweli kwa kutafuta tu signali imeishia wapi probu hii inatosha kabisa.

Hatua ya 1: sikiliza ampia zinakwambia nini

Funga dami lodi, washa redio, sauti punguza mpaka chini, soma ampia kwenye mapokezi. Kisha minya maiki bila kuongea, sekunde chache tu, uachie. Redio nzima ya AM itapanda mpaka kama ampia 1 hadi 1.5. Ikiwa imepanda kidogo tu halafu ikagoma hapo, maana yake fainali hailishwi, kwa sababu fainali ya AM inafanya kazi kwa klasi C, bila signali ya kuisukuma haili umeme kabisa. Ikiwa haijabadilika hata kidogo basi hata swichi ya TX haijafanya kazi, kachek maiki, waya wake na plagi kabla hujaifungua redio, waya wa maiki unakatika sana pale unapoingia kwenye plagi. Na ikiwa fyuzi inaungua au ampia zinaruka kupita 3, kuna kitu kimepiga shoti, usiendelee kuminya, nenda moja kwa moja ukapime fainali na draiva umeme ukiwa umezimwa.

Hatua ya 2: macho na lehemu

Hapa ndo zinapopatikana redio nyingi zaidi, na ndo hatua ambayo watu wanaifanya haraka haraka. Redio iliyokaa kwenye lori miaka imetikiswa sana, na transista za draiva na fainali zinapata moto na kupoa kila ukiminya, sasa lehemu inachoka. Geuza bodi, weka taa ya pembeni na lenzi, angalia miguu ya draiva, ya fainali, ya makopo ya koili na ya transfoma ya sauti. Unatafuta duara jembamba jeusi linalouzunguka mguu, kama unywele, lehemu inang'aa nje lakini mguu umesimama peke yake katikati. Ukiwa na wasiwasi minya maiki huku ukisukuma sehemu hiyo taratibu na kijiti kikavu cha mbao uangalie sindano ya pawa, ikiruka umeshampata.

Usiongeze tu lehemu juu ya ile ya zamani. Ivute yote, safisha, weka mpya. Na pasi isikae muda mrefu, bodi hizi za zamani njia zake za shaba zinabanduka kirahisi mno.

Angalia pia rezista iliyobadilika rangi karibu na draiva na kapasita iliyovimba. Rezista iliyoungua haijiunguzi, kuna aliyevuta umeme mwingi mbele yake, ukibadili rezista peke yake na hiyo mpya inaungua.

Hatua ya 3: voteji

Kabla hujapima, chukua rezista ya kilo-omu 10 uilehemu kwenye ncha ya probu nyekundu ya multimita, upimie kwa mguu wa rezista. Bila hiyo waya wa multimita unakuwa antena, RF inaingia kwenye mita na namba zinakuwa za uongo, na pia unaivuruga saketi unayoipima. Kwa mita ya mega-omu 10 hiyo rezista haibadilishi kipimo kwa kiasi chochote cha kukusumbua.

Minya maiki, pima kolekta ya fainali, kisha ya draiva. Zote unatarajia kitu cha karibu na volti 12 hadi 13, labda draiva pungufu kidogo kama ina rezista njiani. Kwenye redio inayowalisha kwa laini moja, zote zikiwa sifuri fuata nyuma kwenye transfoma ya sauti, waya wake mwembamba unaweza kuwa umeungua siku fainali ya zamani ilipopiga shoti. Fainali ikiwa na umeme na draiva haina, tatizo liko kwenye kile kipande kifupi kati yao: ile koili ndogo ya choki imekatika, rezista imeungua, au kapasita ya kupeleka RF ethi imepiga shoti na kuumeza umeme wote. Zima, pima kwa omu, utamjua.

Prindraiva na miksa zenyewe zinalishwa na laini nyingine, mara nyingi volti 8 au 9 zilizodhibitiwa, ambayo inawashwa na transista ya swichi ukiminya maiki tu. Laini hii ikikosekana hatua zote za mwanzo zinakufa kwa pamoja na draiva anaonekana mbovu wakati yeye anasubiri tu. Kwenye redio nyingi PLL nayo ina uwezo wa kuzima utumaji isipotulia kwenye frikwensi, kwa hiyo ukikuta swichi ya TX imezuiwa usiilazimishe kwa waya, jua kwanza kwa nini imezuiwa.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote, besi ya draiva. Kwenye redio za AM tupu draiva huwa ni klasi C, besi imefungwa ethi kwa koili au rezista ndogo, kwa hiyo bila signali inasoma sifuri. Signali ikifika, kiungo cha besi na emita kinaikata kama dayodi na unaona besi inashuka chini ya sifuri, namba inakuwa hasi. Ukiona hasi ujue signali imefika mlangoni. Ukiona sifuri tupu, usiiguse draiva, tatizo liko nyuma. Ila angalizo, kama besi imeenda ethi kwa koili peke yake, hiyo hasi unaweza usiione vizuri kwa sababu koili inaishusha DC yote, hapo tegemea probu ya RF. Kwenye redio za SSB (zinazotuma upande mmoja tu wa wimbi, bila kariya) hali ni tofauti, besi inapewa kama volti 0.6 hadi 0.7 ili draiva ikae tayari muda wote, na ukikuta besi iko juu ya volti 1 wakati emita iko ethi basi kiungo cha ndani kimekatika, hiyo transista imekufa.

Hatua ya 4: fuata signali kwa probu

Anza besi ya prindraiva, kolekta yake, besi ya draiva, kolekta ya draiva, besi ya fainali. Andika namba zote kwenye karatasi. Kila kolekta inatakiwa iwe juu kuliko besi ya transista hiyo hiyo. Ukitoka kolekta kwenda besi inayofuata namba itashuka, usishtuke, besi za transista hizi zina ukinzani mdogo sana na saketi imepangwa kubadilisha volti kuwa mkondo. Kinachokuhusu ni pale inapoingia vizuri na haitoki, hapo ndo penye ubovu.

Ikiingia kwenye besi ya draiva na kolekta ina umeme wake ila RF haitoki, hapo sasa transista ndo mtuhumiwa. Ikitoka kwenye draiva na haifiki fainali, pima kapasita ya kuunganisha na koili ya kati.

Ikiwa haifiki hata kwenye draiva, shuku makopo ya koili. Ndani ya makopo mengi, chini kabisa kwenye kitako, kuna kapasita ndogo ya kauri ambayo kwa miaka inageuka nyeusi na kupoteza uwezo. Dalili yake ni kwamba unazungusha msumari wa feraiti mwanzo hadi mwisho na hakuna sehemu signali inapanda kilele halafu kushuka. Unang'oa kopo, unaivunja hiyo kapasita kwa uangalifu bila kukata nyuzi, unarudisha kopo, na chini ya bodi unaunga kapasita ya NP0 (kauri isiyobadilika thamani kwa joto) ya thamani ile ile iliyoandikwa kwenye mchoro wa saketi. Kazi ya kutaka utulivu ila inaponya redio ambazo wengine wameshazitupa.

Hatua ya 5: kubadili draiva

Kuipima transista ikiwa kwenye bodi kunadanganya, kwa sababu ile koili ya besi itakuonyesha shoti kati ya besi na emita hata kama transista ni nzima. Itoe, au inua miguu miwili. Kwa multimita kwenye dayodi, probu nyekundu kwenye besi, unatarajia kama 0.5 hadi 0.7 kwenda kolekta na hivyo hivyo kwenda emita, na kati ya kolekta na emita kusiwe na kitu pande zote mbili.

Ya kubadilishia iwe namba ile ile. Usiweke transista yoyote iliyo na umbo linalofanana, nyingi ni za sauti au za swichi na kwenye MHz 27 hazina nguvu. Feki ziko nyingi mno kwa hizi namba za zamani, maana viwanda viliacha kuzitengeneza kitambo, unakuta maandishi yanafutika ukisugua kwa kidole chenye spiriti au bei ni ndogo kupita kiasi. Afadhali utoe nzima kwenye redio nyingine iliyokufa kuliko kuweka feki. Mpangilio wa miguu pia usiubahatishe: 2SC2166 ukiiangalia usoni ni besi, kolekta, emita, lakini transista nyingi ndogo zenye tundu la skrubu katikati zinaanza na emita, kolekta, besi. Na mtu asikushauri uweke moseti (MOSFET, transista yenye geti badala ya besi) mahali pa draiva ya zamani bila kubadili bayasi (voteji ndogo ya kuiweka tayari), miguu inaweza kuingia sawa ila bila voteji sahihi kwenye geti haitatoa kitu.

Ile bati ya nyuma ya transista za namna ya 2SC2166 ni kolekta, kwa hiyo ikifungwa kwenye chasisi lazima iwe na karatasi ya maika na bushi ya skrubu. Paka pesti mpya ya joto, funga, na kabla ya kuwasha pima omu kati ya bati na chasisi, isiwe shoti. Skrubu uifunge kwanza ndo ulehemu miguu, ukilehemu kwanza halafu ukakaza, miguu inavutwa na ile nyufa uliyoitibu inarudi.

Hatua ya 6: bayasi na kutuni

Kwa redio ya SSB, ukishabadili draiva lazima uiweke upya bayasi kwa kufuata mchoro wa redio yako, kila modeli ina sehemu yake ya kufungua na kupima milia-ampia, na zinatofautiana. Hapa maiki inaminywa ikiwa kwenye USB au LSB (upande wa juu au wa chini wa SSB) bila sauti yoyote. Redio ya AM tupu ruka hii.

Kutuni ni hivi. Dami lodi imefungwa, weka chaneli ya katikati, 19 au 20. Zungusha koili ya prindraiva na ya draiva kidogo kidogo ukitafuta kilele kwenye mita ya pawa, minya sekunde kumi achia ipoe. Kisha nenda chaneli ya 1 na ya 40, pawa iwe inakaribiana. Ikiwa moja iko juu na nyingine chini sana, punguza kilele kidogo mpaka zilingane. Wati 4 zikifika simama. Kwenye omu 50 hizo ni kama volti 14 za RMS, unaweza kuhakiki kwa probu. Koili za baada ya fainali usizifungue wala kuzitanua kutafuta pawa zaidi, kazi yake kubwa ni kuzuia haramoniki (mawimbi ya ziada ya mara mbili, mara tatu ya frikwensi unayotuma), ya pili inaangukia kwenye MHz 54, na ukizivuruga sindano inaweza kupanda wakati nusu ya unachoongeza ni uchafu unaowasumbua watu wengine.

Hatua ya 7: hakikisha haijitungii mawimbi

Hii ifanye kila mara ukibadili draiva. Transista mpya inaweza kuwa na ukuzaji mkubwa kuliko ya zamani, na saketi ikaanza kuoscileti yenyewe. Dalili: ukituni pawa inaruka ghafla badala ya kupanda taratibu, draiva inachemka bila sababu, au kaunta ya frikwensi inaonyesha namba isiyotulia. Kipimo cha uhakika ni kuikata signali kabla ya prindraiva, kwa mfano kutoa mguu mmoja wa kapasita inayoiingiza, halafu uminye. Pawa lazima iwe sifuri kabisa. Ikionyesha chochote, fupisha miguu ya transista, chek kapasita za kupeleka RF ethi na lehemu za ethi zinazoizunguka draiva, na kama kulikuwa na shanga ya feraiti kwenye mguu wa besi ukaisahau kwenye transista ya zamani, irudishe.

Hatua ya 8: sauti

Minya, ongea kwa sauti ya kawaida. Kariya ya wati 4 ikimodulishwa kikamilifu inafika kilele cha wati 16, ila mita ya kawaida inaonyesha wastani tu kwa hiyo sindano inapanda kidogo. Ikishuka badala ya kupanda, draiva inashindwa kuilisha fainali pale voteji inapopanda. Hakikisha kolekta ya draiva bado iko kwenye laini ya transfoma kama mchoro unavyotaka na hakuna fundi aliyeihamishia kwenye volti 13.8 za moja kwa moja, na chek kapasita kubwa ya kuchuja umeme, ikikauka umeme unaporomoka kila neno. Pima pia saplai yako yenyewe kama inabaki 13.8 unapoongea.

Ukimaliza rudisha mifuniko yote miwili na upime tena pawa, sababu mfuniko wa chini ukikaribia sana miguu mirefu uliyoiacha unaweza kupiga shoti au kuisogeza tuni. Mguu wowote unaozidi milimita mbili ukate sasa hivi kabla hujafunga skrubu ya mwisho, halafu iache iwe inatuma na kupumzika kwenye dami lodi kwa dakika kumi na tano hivi ukigusa chasisi ya nyuma, ikiwa vuguvugu ni sawa, mfungie mwenyewe aondoke nayo.